Jua, Mbega na Mpini wa Jembe: Kwa Anayeanza Kupiga Picha Moshi na Arusha

Vijana wanaoanza kazi hii huniuliza kwanza wanunue lenzi gani. Huwajibu kwamba waanze kwa kujifunza jua linapita wapi, kwa sababu picha nyingi nilizozikosa sikuzikosa kwa ubovu wa kamera, bali kwa kutokujua jambo ambalo mkulima yeyote wa Kibosho angenieleza bure.

Tuanze na mlima wenyewe. Mji wa Moshi uko kusini mwa Kibo, kilele kirefu kuliko vyote cha Kilimanjaro, nyuzi 3 na ushei kusini mwa Ikweta. Mwezi Juni jua hupita upande wa kaskazini kutwa nzima, hivyo ubavu wa mlima unaotazamana na mji hukaa kivulini na barafu yake huonekana ya kijivu hata siku isiyo na wingu. Kufikia Desemba jua huwa limehamia kusini, na ubavu ule ule hupata mwanga wa moja kwa moja. Kwa hiyo Januari na Februari, mvua za vuli zikiwa zimekwisha na masika hayajaanza, ndiyo miezi ninayoitunza kwa ajili ya Kibo. Hata hivyo, uwe umefika mahali pako kabla hakujapambazuka, kwani ardhi ikishapata joto mawingu hupanda kutoka msituni, na mara nyingi saa 4 asubuhi kilele huwa kimeshafunikwa. Ukiwa kwenye maziwa ya Momela, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, hesabu hubadilika: Kilimanjaro inakuwa mashariki yako, kwa hiyo alfajiri utapata umbo jeusi lenye ukingo unaong'aa, na ukitaka rangi ya mawe na theluji itakubidi usubiri jioni, jua likiwa mgongoni mwako.

Jambo la pili ni kwamba kamera haijui inatazama nini. Inapojipangia yenyewe, hupima mwanga na kuuvuta kuelekea kijivu cha wastani, ndiyo maana theluji ikijaza picha hutoka kama majivu mpaka uongeze mwanga kwa mkono wako, na uso wa mtu mweusi aliyesimama mbele ya anga jeupe huzama gizani. Usimlaumu mtu wala ngozi yake. Msogeze chini ya upenu au mgomba, mahali ambapo nyuma yake hapana anga, kisha pima mwanga usoni.

Mbega ndiye mwalimu mkali kuliko wote katika somo hili. Mwili wake ni mweusi ti, mabega na mkia vina manyoya meupe marefu, naye hukaa juu kabisa katika kivuli cha msitu wa Ngurdoto, ambapo jua hupenya kwa madoa madoa. Mimi hulinda weupe kwanza, kwa kuwa manyoya meupe yakishaungua, yaani yakipokea mwanga mwingi hadi yawe doa jeupe tupu, hakuna programu itakayoyarudisha, ilhali weusi unaweza kuinuliwa kidogo baadaye. Weka kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hufungua mlango wa mwanga, iwe 1/1000 ya sekunde au kasi zaidi kama unataka kumnasa akiruka, kisha elekeza lenzi kwenye tawi analolitazama, maana hulikazia macho kabla ya kujirusha. Twiga ni mpole zaidi, lakini akiacha kutafuna na kukutazama bila kupepesa, ujue umemkaribia kupita kiasi. Rudi nyuma, hata kama mwanga ni mzuri.

Sasa nizungumzie watu, ambako nilikosea vibaya. Jioni moja, karibu na Olmotonyi, nilimkuta mzee aliyejifunga shuka jekundu, jua la mwisho likimpiga shavuni. Nilimwamkia, nikamwomba ruhusa, akakubali, nikapiga. Begani alikuwa na jembe, na mpini wake ulikata kona ya picha. Nilipofika nyumbani niliukata kwa sababu niliona unaharibu mpangilio. Picha ikatoka kwenye kalenda ikiwa na maelezo niliyoyaandika mwenyewe: "Mfugaji wa Kimaasai." Nilimpelekea nakala nikiwa na furaha, mjukuu wake akamsomea kwa sauti. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, sisi ni Waarusha. Siku ile nilikuwa natoka kupalilia maharage."

Waarusha huzungumza Kimaa, lugha ya Wamaasai, na mavazi yao hufanana na ya Wamaasai, lakini kwa vizazi vingi wamelima miteremko ya Mlima Meru. Jembe lile ndilo lililokuwa likieleza habari yote, nami ndilo nililolitupa. Nilisafisha picha nzima, mpini ukiwemo, nikaipeleka tena. Aliiweka mlangoni, juu ya kiti chake.

Tangu hapo sipigi picha ya mtu kabla sijamuuliza anatoka wapi na anakwenda kufanya nini, na majibu huyaandika kwenye daftari hapo hapo, naye akinitazama, pamoja na namna anavyotaka jina lake liandikwe na mahali nitakapompata nikishasafisha. Ukurasa wa siku ile ya Olmotonyi bado ninao. Una maneno matatu tu: "Mzee, mwanga mzuri."