Galaksi jirani unaweza kuiona bila darubini

Umeuliza kama kuna galaksi (kundi kubwa mno la nyota) yenye mwamba wa nyota katikati, yaani nyota zilizojipanga kama mwamba wa goli, inayovutana na jirani zake, ambayo mtu wa Nairobi anaweza kuiona. Ipo: Wingu Kubwa la Magellan, takriban miaka nuru 160,000 kutoka kwetu (mwaka nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja).

Katikati ya Desemba, saa nne usiku, tazama kusini-mashariki utafute Suheli (Canopus), ing'aayo kuliko nyota zote upande wa kusini. Nyoosha mkono, ukunje ngumi. Kutoka Suheli sogea kulia karibu ngumi mbili, ukishuka kidogo. Lile doa kama moshi uliotulia ndilo lenyewe. Endelea kulia na utakuta doa dogo zaidi, Wingu Dogo la Magellan, galaksi jirani yake.

Ukiwa mjini usijisumbue, taa zitalimeza. Shika barabara ya Magadi hadi upite Kiserian: mwanga wa jiji unabaki mgongoni, na kusini kuna giza. Chagua usiku usio na mwezi, uache macho yazoee kwa dakika 20 bila kuchungulia simu (hapa ndipo wengi huharibu). Darubini ya macho mawili ya 10x50 (inakuza mara 10, lenzi zake za mbele ni milimita 50) itakuonyesha ule mwamba, mfano wa mwamba wa goli uliopinda.

Mwamba huo haukai katikati barabara, na mkono wa galaksi (mkanda wa nyota uliojipinda kutoka kwenye mwamba) unaoonekana vizuri ni mmoja tu. Wanaastronomia wengi wanalaumu Wingu Dogo kupita karibu mno. Kati ya hayo mawili kuna daraja la gesi iliyonyofolewa, ila hilo kwa macho hulioni.