Adapta ndogo zisipotee njiani

Kaka, adapta zako za vyombo vya sauti zinapotea kwa sababu zote umezitupa mfuko mmoja. Nunua kile kiboksi cha plastiki chenye vyumba vyumba, mafundi wanachowekea skrubu, kinachoonyesha ndani. Nenda dukani na XLR moja (ile plagi ya mviringo ya maikrofoni) mkononi, maana ni nene na viboksi vingi mfuniko haufungi. Jeki za kugeuza milimita 3.5 kwenda 6.35 zipe chumba chake, RCA (zile plagi nyekundu na nyeupe) chake.

La muhimu zaidi: zungushia kila adapta utepe wa rangi moja, yako. Nyingi hazidondoki, zinabaki zimechomekwa kwenye miksa ya ukumbi wakati wa kufungasha! Ukiwa Pwani weka na pakiti ya silika ya kufyonza unyevu, maana hewa ya chumvi inazitia adapta kutu na sauti inaanza kukwaruza.