Mwanangu yuko Riyadh, Geneva itanisikia?

Nilipoandika kuhusu wasichana wetu wanaokwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani, simu yangu ilijaa ujumbe. Leo najibu maswali manne, yale ambayo wengi mmeuliza kwa namna tofauti.

Binti yangu ana mwaka wa pili Riyadh. Bosi wake kachukua pasipoti, simu anapewa Ijumaa tu, na mshahara umekatika. Nasikia Umoja wa Mataifa una mtu wa kutetea wahamiaji. Nampataje? Mama, Tanga

Shikamoo mama, na pole sana. Mtu huyo yupo. Nafasi yake ilianzishwa mwaka 1999. Anaitwa Mtaalamu Maalumu wa haki za binadamu za wahamiaji, na mwaka 2023 alishika kazi hiyo Gehad Madi wa Misri. Uzuri wake ni kwamba hasubiri nchi iridhie mkataba wowote, wala hakudai upite mahakamani kwanza. Malalamiko kuhusu Saudia anayapokea kama ya nchi nyingine yoyote. Kuna fomu kwenye tovuti ya Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, iliyoko Geneva; fomu hiyo inajazwa kwa Kiingereza, Kifaransa au Kihispania, kwa hiyo tafuta kijana wa kukusaidia.

Akiona jambo lina uzito, huiandikia serikali husika. Kwa kawaida serikali hupewa siku 60 kujibu, kisha barua na majibu vinawekwa hadharani. Lakini mama, hana askari. Hawezi kwenda kugonga mlango wa nyumba anamofanya kazi binti yako. Ndiyo maana nakuomba uanze leo na ubalozi wetu wa Riyadh, kisha ndiyo Geneva.

Kote huko watakuuliza mambo yaleyale: jina kamili, namba ya pasipoti, jina la mwajiri na mtaa anaoishi, tarehe ya safari, wakala aliyempeleka, miezi ambayo hajalipwa. Yaandike kwenye daftari sasa hivi. Vois noti zake usifute hata moja. Nimeona familia zinafika ofisini na machozi matupu bila tarehe, na faili linakufa hapohapo. Na huyo bosi asikutishe: kushika pasipoti ya mfanyakazi ni kosa hata kwa sheria za Saudia zenyewe.

Kaka, huo mkataba wa wahamiaji una faida gani kama Waarabu hawajausaini? Msomaji, Eldoret

Umeuliza panapouma. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za wafanyakazi wahamiaji na familia zao ulipitishwa tarehe 18 Desemba 1990, ukaanza kufanya kazi tarehe 1 Julai 2003. Nchi zote sita za Ghuba hazimo. Marekani haimo, Ulaya Magharibi nayo haimo. Wanaopokea wafanyakazi ndio walioukwepa.

Mimi lakini nina ugomvi na sisi tunaopeleka. Uganda iliingia mwaka 1995 na Rwanda 2008. Kenya na Tanzania bado. Mkataba huu unaibana pia nchi anakotoka mhamiaji: ni lazima isimamie mawakala na iwe na ubalozi unaohudumia watu wake. Kamati yake ya wataalamu 14 hukaa Geneva na kuzihoji serikali zilizoridhia. Uganda ilihojiwa mwaka 2015. Nairobi na Dodoma zinakwepa maswali hayo kwa kutosaini tu, na hilo sioni sababu ya kulivumilia.

Kwa upande wa Ghuba kuna njia ya uani. Zote sita zimeridhia mkataba wa kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake, na kamati yake inaweza kuziuliza kuhusu makadama, yaani wafanyakazi wa ndani. Pia kila nchi mwanachama wa Umoja wa Mataifa hupitiwa na wenzake kwenye Baraza la Haki za Binadamu kila baada ya miaka michache. Siku ya Saudia ikifika, mjumbe wa Kenya ana haki ya kuinua mkono na kuuliza. Mwulizeni mbunge wenu kama aliinua.

Nilitoroka kwa bosi Muscat, nikawa sina karatasi, nikarudishwa. Mshahara wa miezi mitano umekwenda? Dada, Unguja

Deni lako halijafutika. Kifungu cha 25 cha ule mkataba wa wahamiaji kinasema mwajiri habanduki kwenye wajibu wake kwa sababu tu mfanyakazi hana karatasi. Oman haifungwi nacho, kwa hiyo sitakudanganya kwamba hela itarudi kwa kifungu. Anza na wakala: yeye ana anwani hapahapa, na saini yake iko kwenye mkataba wako wa kazi. Na usinyamaze. Shirika la kutetea haki za binadamu, Human Rights Watch, lilipotoa taarifa mwaka 2017 kuhusu Watanzania waliotumika Oman na Imarati, lilitegemea wanawake kama wewe waliokubali kusimulia.

Nikipeleka malalamiko kwa Umoja wa Mataifa, serikali ya kule italijua jina langu? Jina limehifadhiwa

Jina la anayepeleka taarifa kwa niaba ya mwingine halitajwi kwa serikali. La aliyeumizwa hutegemea ridhaa yake: fomu inauliza kando kama litajwe kwenye barua, na kando tena kama litajwe litakapotangazwa. Kama bado uko ndani ya nyumba ya mwajiri, nakuambia kama mdogo wangu: fika ubalozini kwanza, jina utalitoa baadaye.