Utumbo wa Baba Ulijisokota: Je, Nasi Watoto Tupimwe?

SWALI: Shikamoo Daktari. Baba yangu ana umri wa miaka 58, ni mkulima huku Sumbawanga. Mwezi uliopita tumbo lilimvimba kama ngoma, akakaa siku mbili bila kupata choo wala kutoa hewa. Hospitalini alipigwa eksirei, kisha akaingizwa mpira kwa njia ya haja kubwa, na hewa ikatoka kwa kishindo hadi muuguzi akaruka pembeni. Daktari alisema kuwa utumbo wake ni mrefu tangu kuzaliwa, ndiyo maana ulijisokota, na kwamba anahitaji upasuaji. Baba amekataa, kwa kuwa tumbo limeshuka na anakula vizuri. Je, mtu anaweza kuishi miaka yote hiyo na kasoro asiijue? Nasi watoto tupimwe?

JIBU: Marahaba. Neno "kasoro" ningeliweka kando kwanza. Michoro ya vitabu vya shule huuonyesha utumbo mpana, wenye urefu wa takriban meta 1.5, ukipanda upande wa kulia, ukikatiza juu ya tumbo, kisha ukishuka upande wa kushoto, umenyooka kama fremu ya mlango. Mimi sijawahi kufungua tumbo nikaukuta umekaa hivyo barabara.

Aliyewahi kusafisha matumbo ya mbuzi ameuona ule utando mwembamba, wenye mafuta na mishipa ya damu, unaoyashika yasitawanyike. Utando huo ni sehemu ya peritoneo, ngozi laini inayotanda ukuta wa tumbo kwa ndani na kuvifunika viungo vingi vilivyomo. Mimba ikiwa na takriban wiki 6 tangu kutungwa, tumbo la kijusi huwa dogo mno kuyabeba matumbo yanayokua kwa kasi, hivyo hutokezea ndani ya kamba ya kitovu, huanza kujizungusha humo, na hurejea mnamo wiki ya 10, yakikamilisha mzunguko wa nyuzi 270 kwa jumla. Baada ya kurejea, sehemu ya utumbo mpana inayopanda na ile inayoshuka hugandana na ukuta wa nyuma, ilhali ile inayokatiza juu na ile ya mwisho kabla ya rektamu (kipande cha mwisho cha utumbo, kinachoishia kwenye njia ya haja kubwa), iitwayo sigmoidi, hubaki zikining'inia kwenye utando wake. Zinagandana kwa kiasi gani, na utando unaobaki unakuwa mrefu kiasi gani, hapo kila mtu na wake.

Sigmoidi ya baba yako ni ndefu, na ncha zake mbili zimekaribiana mno pale utando unaposhikamana na ukuta wa nyuma. Bembea ambayo kamba zake zimefungwa karibu karibu tawini hujisokota kwa urahisi kuliko ile ambayo kamba zake zimeachana, na utumbo nao ni vivyo hivyo, hasa unapojaa choo na hewa. Umbo hilo si la baba yako peke yake. Katika Afrika, Mashariki ya Kati, India na milima ya Andes, kujisokota kwa sigmoidi ni miongoni mwa sababu kubwa za utumbo kuziba, na wanaume wanaathirika zaidi. Mwaka 1968 ilichapishwa taarifa ya wagonjwa 425 kutoka Uganda, jirani zetu kabisa. Wengi wenye umbo hilo huzeeka nalo bila kulijua, kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni ndiyo.

Ninapotofautiana na baba yako ni kwenye ile nafuu. Mpira uliitoa hewa na kuufungua msokoto, lakini haukuufupisha utumbo. Karibu nusu ya wanaotibiwa kwa mpira pekee, na katika taarifa nyingine zaidi ya nusu, hurudi na tatizo lile lile. Utumbo ukijisokota tena na kukaza, damu hukosa njia, nao huweza kuoza kwa muda wa saa chache. Upasuaji wa wakati huo ni wa hatari kubwa zaidi kuliko wa kupangiwa siku, ambapo kipande kirefu hukatwa na ncha zikaunganishwa. Mwambieni hivyo, ikiwezekana mbele ya daktari wake, na asingojee mavuno yaishe.

Nyinyi watoto hamhitaji kupimwa kama hamna dalili. Mmoja wenu akivimba tumbo ghafla, akaumwa, akakosa choo na hewa, aende hospitali siku hiyo hiyo, bila kunywa dawa ya kumfanya aharishe.

SWALI: Niliumwa kiuno upande wa kulia, zahanati wakanitibu UTI mara mbili. Mwishowe nilifanyiwa upasuaji wa kidole tumbo, na kovu langu ni refu mara mbili ya la dada yangu. Je, nilikosewa? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Kuhusu kovu, sidhani. Kidole tumbo kimeshikamana na mwanzo wa utumbo mpana, lakini ncha yake huelekea popote. Mwaka 1933, Cecil Wakeley wa Uingereza alichapisha uchunguzi wa watu 10,000: katika takriban asilimia 65 kilikuwa kimejikunja nyuma ya utumbo, na katika asilimia 31 kilining'inia kuelekea nyonga. Kikiwa nyuma, maumivu huhamia ubavuni na kiunoni, na tumbo likibonyezwa kwa mbele huenda lisiume sana. Kikigusa mrija wa mkojo au kibofu, mkojo wenyewe huweza kuonyesha chembe za damu au usaha, na ndiyo maana UTI ilidhaniwa. Hata hivyo, dawa ya kwanza iliposhindwa, zahanati ilipaswa kukupeleka hospitali badala ya kurudia dozi. Kama chako kilikuwa nyuma, kama maumivu yako yanavyoashiria, daktari wa upasuaji hulazimika kurefusha mkato, kuukata utando unaoushikilia utumbo ubavuni, na kuugeuza ili akifikie. Kidole tumbo cha dada yako huenda kilikuwa mbele, pale pale kisu kilipofungulia.