Kwa nini bakteria hawa hufunga vimeng'enya vyao pamoja

Mkuu, umeuliza kwa nini bakteria wanaoishi pasipo oksijeni na kula selulosi, yaani nyuzi za mimea, hawamwagi tu vimeng'enya nje kama wafanyavyo kuvu wengi wanaoozesha magogo. Nimewaotesha Clostridium thermocellum, mmoja wa bakteria hao, maabara kwa muda mrefu, nitajibu kwa niliyoyaona.

Chanzo ni uhaba wa nishati. Kiumbe anayechachusha, yaani anayevunja sukari bila oksijeni, huambulia ATP (molekuli za nishati za seli) chache mno kwa kila glukosi, na kimeng'enya ni protini, kukitengeneza ni gharama. Kikipotelea majini ni hasara, na kikikata selulosi mbali, sukari italiwa na majirani.

Kwa hiyo amejenga selulosomu, yaani mkusanyiko wa vimeng'enya vilivyofungwa pamoja, ambayo Bayer na Lamed waliieleza mwaka 1983. Mhimili wake ni skafoldini, protini ndefu isiyokata chochote. Ina vishikizo 9 viitwavyo kohesini, na kila kimeng'enya kina kipande chake, dokerini, kinachonasa humo kwa msaada wa kalsiamu. Skafoldini hiyohiyo huing'ang'ania selulosi upande mmoja na seli upande wa pili. Sasa vimeng'enya vinakata bega kwa bega: kimoja kinakatiza uzi katikati, jirani yake anadaka ncha mpya papo hapo na kunyofoa selobiosi, yaani glukosi mbilimbili. Vipande vifupi vinaingia ndani ya seli, na huko vinapasuliwa kwa fosfati badala ya maji, hivyo ATP inaokolewa. Hapo ndipo huwa nastaajabu kila mara.

Ukitaka kuona kwa macho, weka ukanda wa karatasi ya kuchujia kwenye mrija uliozibwa, nyuzi joto 60. Tia resazurini, rangi inayoonyesha oksijeni, na sisteini, kemikali inayoiondoa; maji yakibaki ya waridi, oksijeni bado imo, ngoja sisteini imalize kazi, ndipo utie bakteria. Baadaye karatasi hugeuka manjano pale bakteria walipojishika, kingo zinalegea, na ukitikisa kidogo inapukutika kama majivu, huku viputo vya gesi vikipanda.

Jambo lililonifundisha zaidi lilikuwa kosa. Nilipima vimeng'enya hivyo kwenye bafa (mmumunyo unaotuliza kiwango cha asidi) yenye EDTA, kemikali ambayo hunyakua kalsiamu, ileile inayosaidia dokerini kunasa. Selulosi laini iliyoyeyushwa majini vilikata vizuri, ila karatasi ilikaa siku kadhaa bila kuguswa. Nikadhani vimekufa. Nikatengeneza bafa upya, nikatia kalsiamu ya kutosha na sisteini, na karatasi ya aina ileile ikaanza kulegea kingo.