Nani kapigwa risasi?

Swali: Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni muuguzi wa zahanati huku Chamwino, Dodoma. Kwenye bango la kliniki ya watoto niliandika: "Risasi huharibu mawasiliano ya ubongo." Bibi mmoja aliyemleta mjukuu kupimwa uzito akalisoma, akaniuliza, "Nani kapigwa?" Je, nimekosea neno?

Jibu: Marahaba. Neno hukukosea. Risasi, kutoka Kiarabu rasas, ni madini kwanza. Ya bunduki ilipata jina kwa kuundwa kwa madini hayo. Ila bibi naye ana haki, maana wengi tunaijua ya bunduki tu. Ya bunduki huhesabiwa, risasi mbili, tatu. Ya madini hupimwa. Bango lako halina hesabu wala kipimo, basi msomaji hana pa kushika. Andika "madini ya risasi", yaishe.

(Kalamu ya risasi, kwa taarifa yako, haina risasi, ndani ni grafiti, aina ya kaboni. Mzazi asije akamnyang'anya mtoto penseli, huku betri mbovu ya gari, yenye risasi ya kweli, imelala uani.)

Kinachonisumbua zaidi ni "huharibu". Ukisikia kimeharibika, unawaza kitu kilichovunjika. Ndani ya ubongo mambo ni ya hila kuliko hapo. Seli za neva huachiana upenyo mwembamba, sinapsi. Ujumbe ukifika ukingoni, kalsiamu huingia kwenye seli, ndipo kemikali kama glutamati humwagwa zivuke kwenda kwa jirani. Sasa ioni ya risasi, yaani chembe yake yenye chaji ya umeme, ina chaji sawa na ya kalsiamu, nayo hujipachika mahali pa mwenzake. Huziba mlango wa kalsiamu, ujumbe uliotumwa ukafika hafifu. Humohumo huchochea kemikali nyingine zitoke bila kuitwa. Ng'ambo ya pili hukwamisha kipokezi cha glutamati ambacho mtoto anakihitaji ili ajifunze na kukumbuka. Panapotakiwa sauti pananyamaza, panapotakiwa kimya pana kelele. Kiswahili kina kitenzi chake hapo: kuvuruga.

"Mawasiliano ya ubongo" si kosa, ila yananukia kampuni ya simu. "Ishara" nayo naiachia mikono na barabara. Mimi ningeandika: "Madini ya risasi huvuruga ujumbe kati ya seli za ubongo wa mtoto." Chini yake chora betri ya gari, bibi aelewe hata kabla hajatoa miwani.