Kwa nini wasiunganishe shule za vijijini Alaska?

Umeuliza kwa nini wilaya moja ya shule yenye watoto mia kadhaa tu iwe na shule kibao badala ya moja kubwa. Ndugu, angalia ramani kwanza. Chukua wilaya ya shule ya Lake and Peninsula, kusini-magharibi mwa Alaska. Ukitoa Iliamna na Newhalen, ambazo zina barabara kati yao na watoto wanasoma pamoja Newhalen, vijiji vingi huwezi kufika kwa gari. Mwalimu, maziwa, hata timu ya mpira wa kikapu, vyote vinapanda kindege. Basi la shule ungelipitisha wapi? Ofisi kuu yenyewe iko King Salmon, mji ulio nje ya mipaka ya eneo lao (ndiyo, umesoma sawasawa), kwa sababu ndiko kwenye uwanja mkubwa wa ndege.

Kuunganisha kulishajaribiwa zamani kwa njia nyingine: mtoto wa kijijini akitaka sekondari alipelekwa bweni mbali na kwao. Wazazi na wanafunzi wakashtaki, kesi maarufu kwa jina la Molly Hootch, mmoja wa wanafunzi hao, na mwaka 1976 serikali ya jimbo ikakubali kujenga sekondari vijijini.

Kinachowatisha sasa ni namba 10. Shule ikiwa na wanafunzi chini ya 10 hukosa fungu lake kamili la jimbo, na mara nyingi hufungwa. Kwa hiyo familia moja yenye watoto watatu ikihama, kijiji kizima kinakosa usingizi.